Dalali Tamimu na Kiti Kilichodanganya Umri

Haya nitakayoyasimulia sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimesimama nyuma ya nguzo ya baraza ya Sultani, na atakayenibishia na aende akaiulize ile nguzo, bado ipo. Umri wangu msiuulize. Ulizeni umri wa kiti, maana hekaya hii ni ya kiti.

Alikuwapo katika mji wa Mirihani, mji wa kuta nyeupe na masoko yenye kila bidhaa, Sultani mwenye enzi na utukufu akiitwa Sultani Lukmani bin Ghalibu, na Sultani huyo alikuwa mpole wa moyo na mkunjufu wa mkono, na mji wake ulistawi kwa haki na biashara, na hakuna aliyelala na njaa humo isipokuwa mvivu. Lakini ndani ya neema ile palikuwa na mwiba, nao ni wasia wa Sultani Jauhari, babu wa mababu, yule aliyeujenga mji. Jauhari alikuwa na kiti chake cha enzi alichokipenda kuliko wakeze, na kiti kile kilipotea siku mji ulipoungua, na mzee alipokuwa akikata roho, hasira za kiti zikiwa bado zimemkaba, akausia mbele ya mashahidi akisema: "Atakayekirudisha kiti changu, huyo ndiye mwenye mji, awe nani awe. Na asikikalie mtu ila Sultani. Akikikalia mwingine, shingo yake ni halali ya upanga." Akesha kusema hayo akafa, hata nafasi ya kumwomba afikiri tena haikupatikana. Basi kila Sultani aliyefuata alitawazwa kwa kuapa kwamba atauheshimu wasia huo, na kila mmoja aliapa kwa sauti kubwa huku moyoni akiomba kile kiti kiwe kimekwisha kuwa majivu.

Na katika mji huo alikuwapo dalali wa samani kuukuu, jina lake Tamimu bin Msellemu, mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na mdomo usio na mlango. Alinadi makabati na vitanda na masanduku ya maharusi na viti vya kila namna, na wala hakuwa mwizi, ila kitu kikipita mikononi mwake kilitoka kimezidi umri. "Kitanda hiki," angesema, "amezaliwa juu yake kadhi." Mtu akiuliza, "Kadhi yupi?" yeye hujibu, "Chagua mwenyewe umtakaye." Watu wakacheka, wakanunua. Lakini mke hakupata, kwani kila nyumba aliyopeleka posa wazee walinong'onezana: "Huyu akianza kumsifia binti yetu, atamwongezea miaka."

Sasa siku moja alasiri, mnada umechangamka, Tamimu alipanda juu ya sanduku akawatambia madalali wenzake, na maneno yake niliyasikia herufi kwa herufi.

"Ninyi hutazama kiti kwa macho," akasema, "na macho hudanganywa kwa moshi wa jikoni na maji ya chai. Mimi nafumba macho, nakaa! Makalio yangu haya hayajapata kudanganywa tangu nilipoacha kubebwa mgongoni. Nikikaa tu nakwambia kiti ni cha zama gani, kimechongwa nchi gani, na fundi siku ile alikuwa amegombana na mkewe au wamepatana."

"Na wewe umepata kumkosea umri mteja yeyote?" akauliza mmoja kwa kejeli.

"Mteja ndiye aliyekosea, kuzaliwa nyuma ya kiti."

Wote wakacheka, ila mtu mmoja hakucheka, naye alikuwa mtumishi wa Waziri, ambaye alikuja mnadani kununua jamvi na akarudi kwa bwana wake na habari hii.

Na habari hii ilifika pahali ilipohitajiwa sana. Kwani siku hizo hizo alikuwa ameingia mjini Amiri Dhafiri, mtawala wa kisiwa cha Sirhani, kijana mwenye sura nzuri na pete nyingi, na nyuma yake wapagazi wamebeba kitu kilichofunikwa kwa hariri nyekundu. Akaingia nacho hadi barazani mbele ya Sultani, akaivuta ile hariri, na watu wote wakashika vifua. Kilikuwa kiti cha mpingo mweusi, kirefu wa mgongo, kimepambwa kwa vipande vya pembe vilivyopangwa kama nyota, na mgongo wake na kalio lake vimesukwa kwa nyuzi za pamba zilizogeuka rangi ya asali, na mbele yake kibao cha kuwekea miguu, na mikono yake imelika na kung'aa kana kwamba imeshikwa na viganja vya watu waliokwisha oza zamani.

"Ewe Sultani Lukmani," akasema Amiri Dhafiri akiinama kidogo sana, "hiki ndicho kiti cha Jauhari. Nimekirudisha. Na mimi si mtu wa papara, nakupa muda hadi Ijumaa uondoke kwa adabu na wakezo na mizigo yako. Ila dada yako, Mwana Thuraya, atabaki, kwa sababu nimesikia sifa zake na nimekusudia kumwoa pamoja na mji."

Sultani akaita wanazuoni. Wakaja na vilemba vyao, wakakigonga kile kiti, wakakinusa, na mmoja wao, Mungu amrehemu, akakiramba. Wote wakasema kwamba ni cha kale bila shaka, na cha kale namna gani hawakujua, maana hapakuwa na mtu hai aliyekiona kiti cha Jauhari. Na walipokuwa wakibishana kile kiti kikatikisika, na sauti ikatoka ndani ya mbao, nzito kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi, ikasema:

"Mimi ndimi kiti cha Jauhari! Yeye alinikalia, na mimi nilimbeba! Mpeni Dhafiri haki yake!"

Wanazuoni wakakimbia, na viatu vyao wakaviacha barazani. Na hapo ndipo Waziri Kutubu, ambaye alikuwa mtu wa kujaribu kila dawa, alipomnong'oneza Sultani habari za dalali na makalio yake.

Askari walimkuta Tamimu anakula mkate wa kumimina.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Hujakosa. Umejisifu."

"Na hilo ni kosa?"

"Tutajua baadaye."

Wakamchukua hivyo hivyo, makombo kidevuni, na njia nzima akawa anajiuliza ni sifa ipi kati ya sifa zake iliyomponza, kwani zilikuwa nyingi na hakuweza kukumbuka zote. Alipofikishwa barazani na kuoneshwa kiti, na kuelezwa mambo yote tangu mwanzo, aligeuka kuutazama mlango alioingilia. Maana Tamimu alijua jambo moja ambalo mnadani hakuna aliyelijua. Makalio yake hayakuwa na elimu yoyote. Umri wa kiti aliujua kama wanavyoujua wenzake, kwa kutazama viungo na kubahatisha, na kule kukaa kulikuwa ni mbwembwe za kuvutia wateja.

"Dalali," akasema Sultani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyelala, "inasemwa kwamba wewe hutambua zama na mtindo wa kiti kwa kukikalia. Je, ni kweli?"

Kabla Tamimu hajajibu, Amiri Dhafiri akapiga kofi kwa furaha. "Vizuri sana! Na akikalie! Lakini kumbukeni wasia. Ikiwa kiti si cha Jauhari, hana kosa, na mimi ni mwongo. Ikiwa ni cha Jauhari, amekalia kiti kisicho chake, na kichwa chake kitaanguka hapa hapa kabla ya kilemba cha Sultani. Haya, bwana dalali. Karibu kitako."

Nyuma ya pazia la kijani upande wa kulia ikasikika sauti ya mwanamke, kavu na yenye kicheko ndani yake, nayo ilikuwa sauti ya Mwana Thuraya, dada wa Sultani, mjane aliyesifika kwa uzuri, na aliyeogopwa kwa ulimi.

"We dalali," akasema, "hayo makalio yako yalisoma chuo gani?"

Tamimu hakujua kama ni adabu kujibu, lakini mdomo wake haukuwahi kumngoja. "Vyuo vyote vya mji huu, Bibi. Mdomo ulifukuzwa, yenyewe yakabaki."

Baraza zima likaguna, na nyuma ya pazia pakatoka kicheko kifupi kilichozuiwa kwa kitambaa. Kisha ile sauti ikaja tena, safari hii bila mzaha. "Basi sikiliza. Kaka yangu atapoteza mji, na wewe utapoteza kichwa, na mimi nitaolewa na mtu anayetangaza posa kama anayenunua mbuzi. Kama unajua kitu, kifanye. Kama hujui, sema sasa ukanywe chai yako, hakuna atakayekulaumu."

Na hapo Tamimu alikuwa na mlango wa kutokea, umefunguliwa kwa heshima na mtu wa heshima. Angeweza kusema, nilikuwa natania, akarudi kwenye mkate wake. Lakini ilimjia kwamba katika maisha yake yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwomba aseme kweli, tena kwa upole, na mwombaji ni mwanamke mwenye sauti kama ile. Akavua viatu. Akakiendea kiti kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi, akageuka, akafumba macho, akakaa bila kutetemeka hata ukucha.

Kiti kilikuwa baridi. Tamimu alingoja makalio yampe habari, na makalio hayakumpa habari yoyote. Akaanza kuhesabu pumzi zake za mwisho, na kwa kukosa la kufanya akajaribu kujiweka vizuri, maana alikuwa amezoea kukaa kwa kukunja miguu chini yake, kama alivyofunzwa na bibi yake aliyemlea. Na bibi yake huyo, maskini, siku alipoletewa kiti kwa mara ya kwanza katika uzee wake, alikipanda kama anavyopanda mtu kitandani, akakunja miguu yote miwili juu yake, akatulia kama aliyeko mkekani, na hakupata kuninginiza miguu hadi kufa, akisema kuninginia ni kazi ya nguo kwenye kamba. Basi Tamimu akanyanyua miguu aikunje. Haikuenea. Goti la kulia likagonga mkono wa kiti, la kushoto likagonga mkono wa pili, na akabaki amekwama kama kuku kwenye tenga.

Akafumbua macho.

"Sultani wangu," akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake, kwa kuwa ilikuwa sauti ya mtu anayefikiri, "Sultani Jauhari alizaliwa katika nyumba ya viti au ya mikeka?"

Waziri Kutubu akajibu, "Ya mikeka. Inajulikana na kila mtu. Alikuwa mfugaji kabla hajawa Sultani, na kiti chake ndicho cha kwanza kuingia mji huu."

"Basi mtu aliyekaa mkekani miaka yote ya ujana wake, mkimpa kiti, atakaaje? Mtazameni mzee yeyote sokoni akipewa kiti. Hupanda na miguu yake! Fundi wa zama zile alimpima mtu amekunja miguu, akamchongea kiti kipana, kifupi cha kimo, na kibao cha kuwekea miguu hakuweka, aweke cha nini na miguu iko juu? Na kama kiti kingelika, kingelika hapa ndani ya mikono, pahali magoti yanaposugua. Hebu oneni. Hapa ndani ni pakali kama pamechongwa jana. Pamelika juu tu, kwenye viganja, tena pande zote mbili sawasawa, kama pamesuguliwa na mtu aliyelipwa. Huu ni mtindo wa watu wanaoninginiza miguu, Sultani wangu, nao hawakuzaliwa mpaka Jauhari amekwisha zikwa. Kiti hiki ni kijana kuliko mimi!"

Baraza likavuma. Sultani akainuka nusu. Lakini Amiri Dhafiri hakubadilika rangi.

"Nimesikia hoja nyingi katika maisha yangu," akasema, "lakini hoja ya magoti ni ya kwanza. Labda Jauhari alikuwa mwembamba! Labda alijifunza kukaa kama watu! Kiti chenyewe kimesema, nyote mmesikia, na ninyi mtamwamini nani, kiti au aliyekikalia?" Akaigusa mojawapo ya pete zake akakielekea kiti. "Ewe kiti cha Jauhari, huyu mtovu wa adabu yuko juu yako. Mfanyie anavyostahili!"

Kiti kikanguruma. Na Tamimu akahisi uchungu wa ghafla, mkali kama mwiba wa samaki, umemchoma pale pale ambapo alikuwa akipasifia kwa miaka mingi, na akaruka juu kwa ukelele uliosikika hadi bandarini.

"Msumari!" akapiga kelele. "Kuna msumari!"

"Umesema kiti kimekuuma," akacheka Amiri.

"Nimesema msumari, na msumari naujua! Sultani wangu, mafundi wa kale hawakutia chuma wala shaba katika kiti. Waliunga mti kwa mti, kwa vigingi. Na hawa waliotengeneza hiki nao wameunga kwa vigingi, nimeviona, hodari kweli kweli, hakuna msumari popote ila huu mmoja, umefichwa chini ya nyuzi pahali asipotazama mtu. Fundi gani anahitaji msumari mmoja?"

Kando ya baraza alikuwa amesimama mpika kahawa wa Sultani na jiko lake la makaa, na Tamimu akampokonya koleo, akapiga magoti mbele ya kiti, akapanua nyuzi kwa vidole. Na kweli, ndani ya mbao ya katikati kulikuwa na kichwa cha msumari wa shaba, umechorwa maandishi madogo madogo, na ulikuwa unatweta, unapanda na kushuka kama koo la mjusi.

"Usiuguse!" akapaza sauti Amiri Dhafiri, na safari hii rangi ilimtoka. "Nakwambia usiuguse huo!"

"Kwa nini, mwanangu?" akauliza Mwana Thuraya nyuma ya pazia. "Mbona kiti chako kina siri?"

Tamimu akaubana msumari kwa koleo, akavuta. Haukutoka. Akakanyaga kibao cha miguu, akavuta tena, na tumbo lake la heshima likamsaidia kwa uzito, na msumari ukachomoka kwa mlio kama wa jino linalong'olewa, yeye akabingirika hadi miguuni mwa Waziri, na kutoka ndani ya kiti ukafuka moshi uliojaza baraza mpaka juu ya dari, na ndani ya moshi akasimama jini mrefu kama mnara, mwenye ndevu za buluu na macho mekundu ya usingizi, na pande mbili za kiuno chake zilikuwa na alama za nyuzi, kama mtu aliyelalia kitanda cha kamba.

"Nani," akauliza jini, na madirisha yakatikisika, "nani amenikalia?"

Watu wote wakamwonesha Tamimu.

"Ni mimi, bwana jini," akasema Tamimu kutoka sakafuni. "Lakini pia ni mimi niliyeuchomoa msumari."

Jini akamtazama, kisha akainama, na lo! akabusu ncha ya koleo. "Jina langu Shamhari," akasema. "Nilikuwa nimelala usingizi wangu wa mchana ndani ya mti wa mpingo kisiwani Sirhani, sina ugomvi na mtu, nikaamka nina mikono ya kiti. Huyu mwenye pete aliukata mti wangu, akampa fundi, na akanipigilia huo msumari ili niseme kila atakaloniamuru. Walinifukiza moshi wa jikoni. Wakaninywesha chai kwa kitambaa. Wakanifukia ndani ya mbolea ya ng'ombe. Mimi, Shamhari, mbolea ya ng'ombe! Wakamleta mtu akasugua mikono yangu kwa mchanga kutwa kucha, na kila alipochoka aliniegemea. Kiti hiki, enyi watu wa Mirihani, umri wake ni tangu mavuno yaliyopita."

Pakawa na vigelegele, na wanazuoni wakarudi kufuata viatu vyao wakisema walishuku tangu mwanzo. Amiri Dhafiri akatafuta mlango, na mlango ukawa umejaa askari.

Lakini jini alikuwa hajamaliza. Akamgeukia Tamimu akapiga goti moja, na goti lile peke yake lilikuwa kubwa kuliko kochi. "Ewe uliyenifungua," akasema, "nina deni lako la neno moja. Na mimi najua kiti cha kweli cha Jauhari kiliko. Niambie nikuletee. Ukikirudisha wewe, mji huu ni wako kwa wasia, na yule pale juu atashuka akupishe. Sema."

Sultani Lukmani alikuwa ameapa, naye alikuwa mtu wa kiapo chake, na mikono yake ilianza yenyewe kuvua joho la enzi. Waziri Kutubu akafumba macho. Na Tamimu akabaki kati ya baraza, kanzu imechanika nyuma, koleo mkononi, akaona mbele yake kila kitu: mnada mzima unamwinamia, wale wazee waliomkataa wanakuja kwa magoti na mabinti zao wa umri sahihi, na kila uongo atakaousema tangu siku hiyo unageuka kuwa sheria. Ulikuwa utajiri wa kutosha kumtia mtu kichaa.

Akatazama joho lililokuwa likivuliwa. Akatazama pazia la kijani, ambalo halikutikisika.

"Bwana Shamhari," akasema, "usikilete."

"Nimesikia vibaya?"

"Kiache kiliko. Mji huu una Sultani. Mimi nataka uniambie jambo moja tu, na uniambie kweli, maana hapa nilipo roho inanidunda kuliko nilipokaa. Hicho cha kweli kikoje?"

Jini akakodoa macho. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kikazima makaa ya kahawa. "Kipana kama kitanda cha mtoto," akasema. "Kifupi. Hakina msumari. Hakina kibao cha miguu. Na ndani ya mikono yake, kulia na kushoto, kuna mashimo mawili laini yaliyochimbwa na magoti ya mzee."

Tamimu akatupa koleo juu, akaruka, akampiga busu Waziri kwenye kilemba. "Mmesikia?" akalia. "Mmesikia, enyi watu? Nilikuwa sahihi! Nimesema kitu, na kitu kikawa kweli!" Na machozi yakamtiririka, kwani jambo hilo lilikuwa halijamtokea kabla.

Sultani akavaa joho lake tena, akashuka kwa miguu yake hadi pale alipo dalali, akamshika mkono mbele ya watu wote. "Ewe Tamimu bin Msellemu," akasema, "ulipewa mji ukaurudisha kwa mwenyewe. Omba kwangu kilicho halali, na kwa haki ya Mola wangu nitakupa."

Tamimu akaangalia vidole vya miguu yake, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukakosa la kusema, mpaka ikabidi pazia limsaidie.

"Kaka," akasema Mwana Thuraya, "mwulize kama makalio yake yamepata kusoma habari za ndoa."

"Bado, Bibi," akajibu Tamimu kwa sauti ndogo. "Darasa hilo yalikosa mwalimu."

"Basi mwambie ana ruhusa ya kuleta posa. Lakini asinisifie mbele za watu. Miaka niliyo nayo inanitosha."

Wakaozwa Ijumaa ile ile aliyoiweka Amiri Dhafiri, na mji ukala na kunywa na kucheza hata ngoma zikapasuka. Sultani akampa Tamimu nyumba ya ghorofa na kazi ya msimamizi wa samani zote za enzi, na jini Shamhari akaleta zawadi yake, sanduku la lulu lisilokwisha, na tangu hapo Tamimu hakuhitaji tena kuuza kitu chochote, ila bado alikwenda mnadani kila alasiri kupiga domo, kwa raha tu. Na Amiri Dhafiri akahukumiwa kukirudisha kiti chake Sirhani kwa kukibeba kichwani mwenyewe, naye alikibeba, na juu ya kiti amekaa Shamhari, amekunja miguu, anakunywa kahawa, na kila baada ya mwendo kidogo anauliza kama bado mbali.

Basi ninyi mnaosikiliza, funzo langu ni hili. Jisifuni mtakavyo, mimi si wa kuwakataza, lakini kila mtu ajue kwamba iko siku ataitwa akalie sifa zake mbele ya watu, na siku hiyo hakuna kitakachomsaidia isipokuwa kile kidogo anachokijua kweli, hata kama ni namna bibi yake alivyokaa.

Na kwa kuwa nimewapa funzo la kusema kweli, nami niseme yangu. Jini ni kweli, na msumari ni kweli, na mnara wa moshi niliuona mwenyewe. Jambo moja tu katika haya yote nimelitia mimi. Nilisema Tamimu alikaa bila kutetemeka hata ukucha. Si kweli. Alitetemeka mpaka miguu ya kiti ikawa inagonga sakafu kama mvua juu ya bati, na sote tuliisikia, na hata nyuma ya pazia waliisikia. Lakini alikaa.